Amefungwa

Msimu ule wa joto jiji zima lilihamia nje, na jasho lake lote likaishia kwenye mabeseni ya Dobi. Asiyekimbia alikuwa anaendesha baiskeli, asiyeendesha baiskeli alikuwa anajifunza kuogelea, na asiyeweza lolote kati ya hayo alinunua jezi, akajipaka rangi usoni, akaenda kupiga kelele kwa niaba ya wenzake. Manispaa ilifunga televisheni kubwa kama ukuta kwenye bustani ya katikati ya jiji, na watu wakawa wanalala chali kwenye majani kutazama wengine wakihangaika. Wenye kupenda maisha walisema hawajaona msimu mtamu kama ule.

Dobi mwenyewe hakuwahi kutazama hata mechi moja. Michezo aliijua kwa madoa. Doa la kijani gotini ni mpira wa miguu, vumbi la matakoni ni baiskeli, na nguo isiyo na doa lolote ila harufu ya manukato ni ya shabiki wa jukwaa kuu. Alifua, akaanika, akapiga pasi, akakunja. Hakulalamika, maana kuna miezi ambayo mabeseni yake hulala kifudifudi. Lakini ungemwuliza jana kashinda nani, angekujibu kwamba kashinda muuza sabuni.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtaa mzima ukimwita Mzee Pampu, na msimu ule naye hakuwa na nafasi ya kujikuna. Mtoto wao walikuwa naye mmoja tu, kijana mrefu mwenye mikono mirefu kuliko inavyohitajika. Asubuhi aliwapelekea wateja nguo zao, mchana akatoweka na mfuko begani. Alisema anakwenda mazoezini. Dobi alijua kwamba mwanawe anachezea timu ya mtaa, na jezi yake aliifua kama za wengine, lakini hakuwahi kuuliza anasimama wapi uwanjani. Kwake wachezaji wote ni wale wale, watu wazima wanaogombania mpira mmoja ilhali madukani imejaa tele.

Kilichomkaa rohoni ni jina. Vijana wa mtaani walimwita mwanawe Gundi. Siku moja Dobi alimwuliza mteja aliyekuja kuchukua nguo zake, kwa nini Gundi? Yule mteja akacheka. "Mikono yake hiyo, mama," alisema. "Kitu kikiigusa tu, kimenasa." Akalipa, akaondoka zake. Dobi akabaki na lile jibu kooni kama mtu aliyemeza kokwa. Mikono inayonasa vitu vya watu aliijua inaitwaje, na jina lake halikuwa Gundi.

Halafu zikaja glavu. Alikuwa akifagia chini ya kitanda cha mwanawe alipozikuta zimeviringishwa kwenye taulo, nene, mpya, zinang'aa, za bei ambayo watu wa nyumba ile wasingethubutu hata kuiuliza. Alimwuliza kijana amezipata wapi. Akasema amepewa. Na nani? Kijana akakuna kichwa, akatupa jicho upande wa pili wa ua, kwenye kibanda cha baba yake, ambako Mzee Pampu alikuwa ameinamia gurudumu kama anayetafuta sindano.

"Nimepewa tu, mama. Usiwe na wasiwasi."

Dobi hakuliona lile jicho lilikokwenda. Alikuwa anawaza duka la vifaa vya michezo lililovunjwa wiki ile karibu na bustani, habari iliyokuwa midomoni mwa kila mtu. Alizirudisha glavu kwenye taulo, akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Asubuhi ya siku yenyewe kijana alisimama mlangoni na mfuko wake, akamwangalia mama yake anavyonyoosha kwa pasi suruali nyeupe za tenisi. Alikuwa na furaha ya mtu anayeogopa. "Mama," alisema, "leo huenda wakanichukua."

"Nani akuchukue?"

"Wakubwa. Wamesema watamtuma mtu aje aniangalie. Njoo basi, hata mwishoni." Kisha akakimbia, maana wenzake walikuwa wakimpigia miluzi huko nje.

Dobi alibaki ameishika pasi hewani. Wakubwa gani? Wamchukue wampeleke wapi? Na mtu akitaka kuchukuliwa, mbona anacheka?

*

Simu iliita mchana, mikono yake ikiwa imejaa povu hadi kwenye viwiko. Aliyepiga ni jirani yake muuza maji, mwanamke ambaye kila palipokuwa na mchezo alikuwapo na sanduku lake la barafu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za kutisha: filimbi, ngoma, watu wanazomea, mtu anatukana kwa sauti iliyokauka.

"Dobi! Mwanao amefungwa!"

"Unasemaje?"

"Amefungwa, jirani, hivi hivi watu wote wanaona! Wamemvamia wengi, wenzake wakamkimbia, kaachwa peke yake. Maskini, angefanya nini? Njoo, yule mtu wa wakubwa naye yuko hapa, anamwangalia tu..."

Simu ikakatika. Dobi akapiga tena na tena, ikaita bila kupokelewa. Filimbi zile alizisikia kwa masikio yake, na filimbi, kwa alivyojua yeye, hupulizwa na polisi. Basi ndiyo maana kijana alisema watamchukua. Alijua. Alikuja kumuaga mama yake, na mama yake akakazana na suruali za watu.

Alivuka ua kwenda kumwita mumewe. Kibanda kilikuwa na kufuli. Juzi alikikuta na kufuli saa kama ile ile, na wiki iliyopita pia, na kila mara Mzee Pampu alimweleza kwamba alikwenda kutafuta vipuri. Dobi akasimama pale akaangalia kufuli lile, akalivuta, kama kwamba ubishi wake ungeweza kulifungua. Halafu akajikaza kisabuni, akaifuta mikono kwenye aproni, akaenda kituo cha polisi akiwa vilevile, magoti yamelowa, kitambaa kichwani kimekaa upande.

*

Kaunta ilikuwa na askari kijana ambaye sikio lake moja lilikuwa la serikali na la pili lilikuwa la redio ndogo iliyokuwa ikitangaza mpira wa mitaa chini ya meza. Alimwamkia Dobi shikamoo, Dobi akaitikia marahaba, akasema bila kuzunguka kwamba mwanawe amefungwa na yeye amekuja kumwona.

"Pole, mama. Amefungwa na nani?"

"Si na nyinyi?"

"Sisi?" Askari akacheka kidogo, akaona mama hacheki, akaacha. "Lini?"

"Sasa hivi. Nimepigiwa simu, watu wote wameona."

Askari akaingia ndani kuangalia, akatoka, akasema humo hayumo mtu wa namna hiyo, yumo mlevi mmoja na bwana aliyekanyaga mtu kwa baiskeli. Dobi akamwomba aangalie tena. Akamweleza kwamba mwanawe ni mrefu, ana mikono mirefu. Askari akasema urefu si kitu cha kupotea mahabusu, lakini akaenda tena, kwa heshima ya umri wake.

Kwenye benchi la kungojea aliketi mteja wa Dobi, bibi wa tenisi, aliyekuja kuripoti baiskeli iliyopotea. Alimsogelea akamshika mkono, akampa pole kwa sauti ya chini, akatikisa kichwa kuhusu watoto wa siku hizi. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Na zile suruali zangu, ziko mahali salama?"

Dobi alihisi uso unamwaka. Akasema ziko salama. Na hapo, kwa aibu ile, na kwa haraka ya kutaka kuimaliza, akaigeukia kaunta akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. "Kama ni zile glavu, baba, nitazirudisha mimi. Hazijachakaa. Mwachieni tu mwanangu."

Askari kijana akazima redio.

"Glavu gani, mama?"

Kwenye chumba cha nyuma kiti kikalia, akatokea Sajini, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, akaegemea mlango. Akauliza kwa upole glavu hizo ni za nini, mpya au za zamani, zilionekana lini nyumbani. Dobi alijibu moja baada ya nyingine. Kadiri alivyojibu ndivyo alivyohisi kwamba anamwokoa mwanawe, na ndivyo Sajini alivyozidi kutikisa kichwa. Alipouliza kijana yuko wapi kwa sasa, Dobi akachanganyikiwa kabisa. "Nimewaambia amefungwa. Nyinyi ndio mnajua mmemweka wapi."

Sajini na askari wakatazamana. Wakamwuliza simu ilitoka wapi. Akasema kelele zilikuwa za uwanja wa mtaa, ule wa nyuma ya bustani. Sajini akavaa kofia. Kuna duka limevunjwa, alisema, na kuna glavu mpya zisizo na mwenyewe, kwa hiyo wajibu unamtaka aende uwanjani. Mwenye macho angeona kwamba wajibu ule ulimfurahisha kupita kawaida ya wajibu, kwa sababu mechi ilikuwa haijaisha.

*

Walifika na gari la polisi hadi ukingoni mwa uwanja, Dobi akiwa kiti cha nyuma. Watu walikuwa wamejaa kila mahali pa kukaa na pasipo pa kukaa: kwenye ngazi za saruji, juu ya ukuta, juu ya baiskeli zilizoegemezwa. Watoto wamebebwa mabegani, wazee wamejifunika magazeti kichwani. Mtu mmoja alikuwa anacheza ngoma peke yake mbele ya kila mtu na hakuna aliyemshangaa. Dobi aliposhuka katikati ya askari wawili, na aproni yake mbichi, waliokuwa karibu wakageuka wakamtazama, wakanong'onezana. Alitafuta mahali pa kuweka macho, akapakosa.

Muuza maji akamwona, akaja mbio na sanduku lake. "Umekuja! Nilikata tamaa. Tumesawazisha! Baada ya kufungwa lile la mwanzo, mwanao hajaruhusu kitu tena. Kila mpira ananasa. Muone pale golini."

Dobi akatazama alikoonyeshwa. Kule mbali, chini ya mwamba wa goli, alisimama mwanawe, ameinama kidogo, mikono yake mirefu imetandazwa. Kwa mara ya kwanza mikono ile ilionekana kuwa na urefu unaotakiwa.

"Lile la mwanzo lipi?" aliuliza.

"Bao! Si nilikupigia nikakwambia amefungwa?"

Neno lile lilizunguka kichwani mwa Dobi, likaja na uso mwingine, likamcheka. Amefungwa bao. Gundi, kwa sababu ya mipira. Wakubwa, klabu. Akauliza kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, yule mtu aliyetumwa kumwangalia yuko wapi. Muuza maji akamwonyesha bwana mmoja wa miwani ya jua, kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari wa kati. Klabu kubwa ya jiji, alisema, na wakimpenda leo basi kesho anahamia kwao, kambini, analala na kula na kulipwa.

Alipogeuka, askari hawakuwapo ubavuni pake. Sajini alikuwa amekwisha kutangulia kuelekea goli la mwanawe, akipita pembeni ya mstari, shingo yake ikifuata mpira. Dobi akamkimbilia, viatu vyake vya plastiki vikimvuka, akamshika mkono wa shati. "Afande, nimekosea. Hakufungwa vile. Amefungwa bao."

"Najua, mama. Nilisikia redioni."

"Basi turudi."

"Glavu je?" Sajini akauliza, bila kuacha kutazama mpira. "Glavu umezisema wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Siwezi kujifanya sikusikia. Tungoje mpira uishe, tumwulize kwa adabu. Simama hapa."

Wakasimama hapo, nyuma kidogo ya goli, Dobi katikati, Sajini upande mmoja na askari kijana upande wa pili, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusimama namna nyingine. Dobi alimwomba Mungu mwanawe asigeuke. Timu ya mtaa ilikuwa imepata kona upande ule wa mbali, dakika zenyewe zikiwa za mwisho, na wachezaji wote wamekwenda huko kutafuta bao la ushindi. Kijana akabaki peke yake katika nusu yake. Kipa ambaye mpira uko mbali naye hutazama tazama. Akageuka.

Alimwona mama yake amelowa, kitambaa kimemtoka, ameshika mkono wa askari, askari mwingine amesimama karibu naye.

Hakufikiri hata kidogo. Aliacha goli akaja mbio, akaruka ule uzio mdogo wa kamba. "Mwachieni mama yangu," alisema. "Mwachieni. Kama ana kosa, nichukueni mimi."

Nyuma yake uwanja ulitoa sauti moja kubwa. Kona ilikuwa imeokolewa kwa teke refu la bahati, mpira ukadunda katikati ya uwanja mtupu, ukadunda tena, ukajikokota wenyewe hadi ndani ya goli lisilo na mtu. Kwa muda watu hawakujua washangilie au wacheke, maana hata wafungaji hawakuwa wamekusudia. Halafu pande zote mbili zikaanza kupiga kelele kwa pamoja. Refa akatazama goli, akamtazama kipa kule nje, akatazama askari, akapuliza filimbi kwa sababu ndicho alichokuwa nacho mdomoni. Bao likahesabiwa, mpira ukaishia hapo.

"Nani amwache?" Sajini aliuliza. "Hatujamshika. Yeye ndiye ametushika sisi." Kisha, kwa kuwa watu walikwisha kujazana na alikuwa ameanza jambo, akauliza hizo glavu alizovaa kijana zimetoka wapi.

Kijana alimtazama mama yake, akazitazama glavu. Umati ukasogea kwa hamu, ile hamu ya watu wanaotaka kusikia mabaya. Ndipo kikohozi kikasikika nyuma ya goli, na Mzee Pampu akajitokeza kati ya mashabiki na kofia ya timu kichwani, ana grisi mikononi, ana haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kumbe vipuri alivyokuwa akivitafuta siku zote hizo vilikuwa hapo nyuma ya goli. Akasema glavu zimetoka kwake. Kuna mteja alitengenezewa baiskeli ya mashindano, hakuwa na pesa mkononi, akamwachia glavu. Nyumbani yeye alisema mteja amekimbia bila kulipa, na akamwomba kijana afunike kombe, ili pasiwe na maneno. Mteja mwenyewe yupo, yule pale na helmeti. Mwenye helmeti akanyoosha mkono.

Sajini akasema basi, akampa kijana pole, akamwambia ana mikono mizuri. Askari kijana akanunua maji baridi. Walibaki kidogo kutazama watu wakishangilia, kisha wakaenda zao na gari lao.

*

Bwana wa miwani ya jua alikuja wakati uwanja unaanza kuwa mtupu. Alimwambia kijana kwamba amemwona, na mpaka dakika zile za mwisho alikuwa amekwisha kuamua. Akauliza kitu kimoja tu, kwa nini aliacha goli. Kijana akamwambia alidhani mama yake amekamatwa.

"Kwa kosa gani?"

"Sijui. Sikuwaza kosa."

Yule bwana akavua miwani, akamtazama Dobi kwa muda, akaivaa tena. Alisema ni kijana mwema, lakini klabu yake inatafuta kipa, na kipa akiliacha goli mpira unachezwa, wenzake kumi hawatamwamini tena. Msimu ujao, pengine, akina yeye wakipita tena huku. Wakashikana mikono. Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Waliondoka watatu, Mzee Pampu akikokota baiskeli, kila mara akitaka kusema kitu. Watu wa timu pinzani walikuwa wanapita wakiimba, wamefunika njia nzima. Kijana alimwekea mama yake mkono begani ili asisukumwe. Wala hakuwa na hasira, ndiyo kwanza alikuwa anamfariji, anamwambia asiwe na mawazo, bado kuna mechi nyingi. Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka tu njiani, "Ila walikukamatia wapi, mama? Walisema umekosa nini?"

Alikuwa hajaelewa bado. Mzee Pampu akatazama gurudumu lake. Dobi angeweza kunyamaza, na pengine mambo yangepita hivyo hivyo hadi yakasahaulika. Akasimama.

"Hawakunikamata, mwanangu. Nilikwenda mwenyewe. Nilisikia umefungwa, nikadhani umeiba."

Kijana hakuondoa mkono wake begani pale pale. Aliuacha kidogo, kama anayefikiria jinsi ya kuutoa bila kumwumiza mtu, kisha akaushusha. Akasema haya, sawa, akatangulia mbele kidogo, mrefu kuliko wote waliokuwa njiani, na wale waimbaji wakampisha bila kuacha kuimba.

Hapo ndipo Dobi alipoanza kulia, kwa sauti, bila kujificha, katikati ya njia. Waliomwona walidhani analilia timu. Mama mmoja aliyejipaka rangi mashavuni akamkumbatia, akamfuta machozi kwa ncha ya bendera yake, akamwambia ajikaze, ndiyo mpira huo, kuna siku ya kufunga na kuna siku ya kufungwa.